Mary Shelley na riwaya iliyoandikwa mara mbili

Imezoeleka miongoni mwetu, na hasa katika madarasa ya fasihi, kukichukulia kitabu kilichochapishwa kana kwamba kilishushwa kikiwa kamili. Mwanafunzi huambiwa kuwa mwandishi amesema hivi na hivi, naye hunakili daftarini, wala hakuna anayeuliza mwandishi alisema hayo katika toleo lipi, la mwaka gani, na kama baadaye hakuyafuta. Nimefundisha isimu kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo si la watu waliokosa shughuli. Yupo mwanamke mmoja Mwingereza ambaye sehemu kubwa ya maisha yake imefungamana na swali hilo, na ambaye jina la kitabu chake linatajwa hata na watu ambao hawajawahi kukifungua. Mwanamke huyo ni Mary Shelley, na kitabu chenyewe ni Frankenstein, ambacho wahakiki wengi hukihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya kisayansi.

Kabla sijaendelea, sharti niondoe utata mmoja ulioenea. Frankenstein si jina la zimwi. Ni jina la Victor Frankenstein, kijana wa Geneva aliyekwenda kusoma Ingolstadt, Ujerumani, akaunda kiumbe kutokana na viungo vya maiti, akamtia uhai, kisha akamwogopa na kumtoroka. Kiumbe mwenyewe hana jina. Muumba wake hakumpa, na kunyimwa jina ni sehemu ya dhuluma anayoilalamikia kitabuni. Aidha, ile radi inayopiga na mitambo inayotoa cheche ni mapambo ya filamu ya 1931. Katika riwaya, Victor anakataa katakata kuieleza siri yake, ili asije mwingine akairudia.

Mary alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Babaye, William Godwin, alikuwa mwanafalsafa aliyesifika na kuchukiwa kwa kiasi sawa. Mamaye, Mary Wollstonecraft, ndiye aliyekuwa ameandika mwaka wa 1792 kile kitabu mashuhuri cha kutetea haki za wanawake. Mama huyo alikufa kwa homa ya uzazi siku chache tu baada ya kujifungua, kwa hiyo binti alimjua kwa njia ya maandishi na kaburi. Hakupelekwa shule kwa maana tunayoielewa sisi, lakini aliishi katika nyumba ambamo vitabu vilikuwa vingi kuliko fedha.

Mnamo Julai 1814, akiwa hajatimiza miaka 17, alitoroka kwenda Ufaransa na mshairi Percy Bysshe Shelley, aliyekuwa na mke tayari. Godwin, ambaye katika vitabu vyake alikuwa ameishambulia taasisi ya ndoa, alikasirika kama baba mwingine yeyote na kukataa kumwona bintiye. Februari 1815 Mary alijifungua mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia. Mtoto huyo aliishi chini ya wiki mbili. Siku chache baadaye mama aliandika katika shajara yake kwamba ameota mtoto amerudi, kwamba kumbe alikuwa amepatwa na baridi tu, na wakamsugua mbele ya moto hadi akapata uhai. Msomaji atanisamehe nikimwomba aikumbuke ndoto hiyo. Wapo wahakiki wanaokitafuta chanzo cha Frankenstein katika majaribio ya umeme ya Galvani pekee, nami sioni ni vipi wanavyoweza kuipita ndoto hii bila kusimama.

Kisa cha mwaka wa 1816 kinajulikana. Mlima wa volkano wa Tambora, katika nchi iitwayo sasa Indonesia, ulikuwa umelipuka Aprili 1815 na kuijaza anga vumbi kiasi kwamba mwaka uliofuata Ulaya ilikosa kiangazi. Mvua ilinyesha pasipo kukoma, na mazao yakaozea mashambani. Kando ya Ziwa Geneva, Mary, Percy, Claire Clairmont ambaye alikuwa binti wa mama wa kambo wa Mary, mshairi Byron na daktari wake Polidori walifungiwa ndani na mvua hiyo. Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya mizimu. Washairi wawili mashuhuri walianza na kuchoka. Polidori alipata kisa cha mnyonya damu kilichochapishwa mwaka wa 1819. Mary, aliyekuwa na miaka 18 na mtoto mchanga wa kunyonyesha, ndiye aliyeendelea na kisa chake mpaka kikawa kitabu.

Watu wengi huishia hapo, kana kwamba riwaya ilizaliwa usiku mmoja wa radi. Mimi ninavutiwa zaidi na kazi iliyofuata. Rasimu yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford, katika madaftari yaliyojaa mistari iliyokatwa na maneno yaliyoongezwa pembeni. Aliiandika kati ya kiangazi cha 1816 na majira ya kuchipua ya 1817, katika miezi ambayo dadake wa upande wa mama, Fanny, alijiua mnamo Oktoba, na mke wa Percy, Harriet, akajiua pia mwishoni mwa mwaka. Mary na Percy walifunga ndoa tarehe 30 Desemba 1816. Kurasa ziliendelea kuandikwa.

Sehemu ya katikati ya kitabu ndiyo inayompendeza mwanaisimu. Kiumbe, akiwa amejificha katika kibanda kilichoungana na nyumba ya familia maskini, anajifunza lugha kwa kusikiliza kupitia ufa. Maneno yake ya kwanza ni yale yanayotamkwa kila siku na ambayo kitu chake kinaonekana: moto, maziwa, mkate, kuni. Baadaye yanafuata majina ya watu, na baadaye sana yale maneno ambayo hakuna kitu cha kuyaonyesha kwa kidole, kama vile wema na huzuni. Kisha anafika Safie, binti wa mfanyabiashara Mturuki, asiyejua Kifaransa, na kiumbe anasoma pamoja naye bila ya yeye kujua, kutoka kitabu cha Volney kuhusu kuanguka kwa milki za kale. Anapofikia habari za wenyeji wa Amerika waliopokonywa bara lao, mwanafunzi na zimwi wanalia pamoja, kila mmoja upande wake wa ukuta. Msichana wa miaka 19 aliyaandika haya wakati ambapo taaluma ya jinsi mtoto anavyojifunza lugha haikuwapo hata kwa jina.

Sasa nije kwa Percy. Rasimu inaonyesha wazi kwamba aliisoma kalamu mkononi. Charles Robinson, mtafiti wa Marekani aliyeyachunguza madaftari hayo na kuyachapisha mwaka wa 2008, alikadiria kwamba Percy alichangia maneno kati ya 4,000 na 5,000 katika riwaya ya maneno kama 72,000. Kwa hesabu hiyo ni sehemu ndogo, nami siwaelewi wale ambao hadi leo hushikilia kwamba mume ndiye mwandishi halisi. Mhariri yeyote makini hufanya kiasi hicho. La kutazamwa ni aina ya mabadiliko. Mary alipenda neno fupi la nyumbani, Percy akaliondoa na kuweka lenye asili ya Kilatini, refu na la kijioni. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua tabia hii vilivyo: andika watu, mhariri aweke halaiki; andika alianza, mhariri aweke aliasisi. Maana inabaki karibu na pale pale, lakini anayesimulia si mtu yule yule tena.

Pahala pengine maana yenyewe inahama. Mwishoni mwa kitabu, kiumbe anaruka kutoka dirisha la meli na kuchukuliwa na mawimbi katika bahari ya barafu. Katika rasimu ya Mary, msimulizi, nahodha Walton, anasema kwamba yeye ndiye aliyeacha kumwona. Katika toleo lililochapishwa, baada ya Percy kupitia, kiumbe mwenyewe ndiye anayepotea. Kwa Kiswahili tofauti hii ingeonekana papo hapo, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba mtendaji na mtendwa: sikumwona tena ni jambo moja, na akapotea ni jambo jingine. La kwanza linamwachia msomaji uwezekano kwamba kiumbe yu hai bado mahali fulani. La pili linaufunga mlango. Napendelea lile la Mary, ingawa ni kweli pia kwamba yeye alilikubali lile la pili na hakulirudisha lake alipopata nafasi.

Wachapishaji wawili waliukataa mswada. Wa tatu, kampuni ya Lackington, alichapa nakala 500 katika mijalada mitatu, zikatoka tarehe 1 Januari 1818 bila jina la mwandishi, zikiwa na dibaji iliyoandikwa na Percy na tabaruku kwa Godwin. Walter Scott aliisifu katika jarida la Blackwood's, akidhani ni kazi ya Percy.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mazishi. Binti yake Clara alifia Venice mnamo Septemba 1818. Mwanawe William alifia Rome mnamo Juni 1819. Percy alizama baharini tarehe 8 Julai 1822. Mary akabaki na mtoto mmoja wa kiume, umri wake ukiwa bado miaka 24. Babamkwe wake, Sir Timothy Shelley, alimpa posho kwa ajili ya mjukuu kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba asiandike kitabu cha maisha ya marehemu. Mwandishi aliyewekewa kifungo cha namna hiyo hujifunza kupima kila sentensi.

Hapa ndipo pana kadhia ambayo sijaiona ikisimuliwa katika magazeti yetu. Kabla hajaondoka Italia mwaka wa 1823, Mary alichukua nakala ya toleo la kwanza, akaisahihisha kwa mkono pembezoni, akafuta hapa na kuongeza pale, akampa rafiki yake aitwaye Bi Thomas huko Genoa. Nakala hiyo sasa iko katika Maktaba ya Morgan, New York. Masahihisho yake yanaonyesha mwandishi mwenye miaka 25, mjane wa juzi, akikisoma upya kitabu cha usichana wake bila mume wala baba begani. Lakini aliporudi London mnamo Agosti mwaka huo, nakala ilibaki kwa rafiki. Wakati huo huo, mchezo wa kuigiza uliotokana na riwaya ulikuwa umefana jukwaani, na Godwin akaharakisha kutoa toleo la pili katika mijalada miwili, la kwanza kubeba jina la Mary. Godwin alibadilisha maneno mengi. Ndilo toleo ambalo baadaye lilitumiwa kama msingi wa lile la 1831, na kwa hiyo maneno ya baba yaliingia katika kitabu cha kudumu, ilhali masahihisho ya binti kwa mkono wake mwenyewe yakabaki nje. Mary mwenyewe, kwa njia, aliutazama mchezo ule na kufurahia kwamba katika orodha ya wahusika nafasi ya kiumbe ilikuwa imewekwa vistari pasipo jina.

Kati ya hapo aliandika riwaya nyingine ya mambo yajayo, The Last Man, iliyotoka mwaka wa 1826. Imewekwa mwishoni mwa karne ya 21. Mfalme wa Uingereza anajiuzulu mwaka wa 2073 na nchi inakuwa jamhuri, kisha tauni inaenea ulimwenguni hadi mwaka wa 2100 anapobaki mtu mmoja. Wahakiki wa siku zile waliikejeli. Sisi tuliofungiwa majumbani mwaka wa 2020 tunaisoma kwa macho mengine, ingawa sioni haja ya kumfanya nabii. Alikuwa akiwaomboleza watu wake, Percy na Byron wakiwamo ndani kwa majina ya kubuni.

Nafasi ya kukiandika upya Frankenstein ilimjia kupitia wachapishaji Colburn na Bentley, waliokuwa wakitoa riwaya za bei nafuu katika juzuu moja. Aliwauzia hakimiliki kwa pauni 30. Toleo lilitoka mwishoni mwa Oktoba 1831 na utangulizi mpya aliouandika yeye, ambao ndio unaosimulia habari za Geneva. Katika utangulizi huo anamhakikishia msomaji kwamba marekebisho ni ya mtindo hasa na kwamba hajaingiza mawazo mapya. Sikubaliani naye.

Tazama habari za sayansi. Mwaka wa 1818, baba yake Victor ndiye anayemweleza mtoto umeme, kwa mashine ndogo na tiara. Mwaka wa 1831, baba hana elimu hiyo tena, na maelezo yanatolewa na mgeni aliyetokea kuwapo, anayegusia pia majaribio ya Galvani. Mzazi ametolewa lawamani. Tazama pia Victor mwenyewe. Katika toleo la kwanza ni kijana anayechagua: angeweza kuacha kazi yake, angeweza kumhurumia kiumbe, hakufanya. Katika toleo la pili anazungumzia ajali na majaaliwa mara kwa mara, kana kwamba nguvu fulani ilikwisha kuamua aangamie. Ninaelewa ni kwa nini mwanamke aliyezika watu wengi kiasi kile angefikia fikira hiyo, na sithubutu kumlaumu. Ila kama riwaya kuhusu wajibu wa mwanasayansi, ile ya kwanza ina makali zaidi. Tunayajua sana maneno ya majaaliwa. Matatu ikianguka kwa sababu breki hazikutengenezwa, atatokea mkubwa wa kutuambia kwamba ilikuwa kudura ya Mwenyezi Mungu. Victor wa 1831 angeelewana naye vizuri.

Badiliko linalonigusa zaidi kikazi ni la Henry Clerval, rafiki yake Victor, mpenda lugha. Mwaka wa 1818 anasoma Kiajemi, Kiarabu na Kiebrania kwa sababu anazipenda. Mwaka wa 1831 Kiebrania kimeondolewa na mahali pake pamewekwa Kisanskriti, na Clerval sasa ana mpango wa kwenda India, ambako ujuzi wake wa lugha utasaidia kuendeleza ukoloni na biashara ya Wazungu. Kubadili lugha moja tu kumemhamisha kijana kutoka maktaba hadi katika shughuli za himaya, na mwandishi anadai kwamba huo ni mtindo! Miaka 13 baada ya toleo hilo, Krapf alifika Mombasa na kuanza kukusanya maneno ya Kiswahili. Nisieleweke vibaya. Krapf aliletwa na Injili, na kamusi yake iliyochapishwa 1882 ingali na faida kwetu. Lakini sisi wa isimu, tunaopenda kuamini kwamba taaluma yetu haina mikono, tungefaa kuyasoma matoleo haya mawili sambamba. Clerval, kwa bahati mbaya au nzuri, anauawa na kiumbe kabla hajaiona India.

Mtu ataniuliza: haya yanawahusu nini waandishi wa Kiswahili? Yanawahusu wale wachache waliothubutu kuandika bunilizi za aina hii. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka wa 1995, alimpeleka mhusika wake kwa chombo cha angani hadi nchi ambayo jina lake, ukilitazama vema, linasema kwamba wale ni sisi. Mkangi alifariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2004. Ningetoa mengi ili kuziona rasimu za kitabu hicho, nijue nchi ile ilibadilika mara ngapi kabla ya kufika kiwandani. Tunazihifadhi wapi rasimu za waandishi wetu? Mhariri anapoligusa neno, ni nani anayeweka kumbukumbu? Wazee wa pwani hawakuona ajabu kuwa na nakala zilizotofautiana za utenzi mmoja. Utendi wa Mwana Kupona umetufikia hivyo, na wahariri wake wamelazimika kuzilinganisha. Ni ujio wa kitabu cha shule uliotufanya tudhani kuna maneno ya aina moja tu.

Mary Shelley alifariki London tarehe 1 Februari 1851, akiwa na miaka 53, na kuzikwa Bournemouth. Kwa zaidi ya karne moja toleo la 1831 ndilo lililosomwa takriban na kila mtu, hadi James Rieger alipolifufua lile la 1818 mwaka wa 1974. Leo yote mawili yanauzwa, mara nyingi yakiwa na jalada linalofanana. Anayetaka kujua analo lipi nyumbani asihangaike na ukurasa wa mchapishaji, bali amtafute Elizabeth, mchumba wa Victor. Katika toleo la kwanza ni binti wa shangazi yake Victor, jambo ambalo msomaji wa Lamu au Mombasa hatalishangaa, lakini ambalo wahakiki wengi wanadhani lilianza kumtia Mary wasiwasi kadiri miaka ilivyokwenda. Katika la pili si ndugu hata kidogo: ni yatima wa kabaila wa Milan, aliyekutwa akilelewa na wakulima maskini karibu na Ziwa Como.